Jovita Ana Virusi

Mzee Melkiadi hakuwa na ngeli. Kwake kila kitu kilikuwa mtu: gari anakuja, mvua amechelewa, jenereta amekataa kuamka, geti nimemfunga. Mimi niliyechapwa fimbo shuleni kwa ajili ya ngeli hizo hizo nilikuwa nikimcheka mbele ya uso wake, naye alicheka pamoja nami, maana hakuona kosa liko wapi. Lugha yetu ya nyumbani, yake na yangu, haina mambo hayo. Kiswahili alikiokota ukubwani, kwenye mashamba ya ngano na minada ya ng'ombe, akakitumia hivyo hivyo alivyokikuta. Sikujua kwamba siku moja herufi yake moja ingenifanya nile Krismasi peke yangu.

Naitwa Jovita, Mama Kandida. Mwaka huo wa themanini na tisa nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa maji pale Babati, mradi wa wafadhili, na ofisi yetu ilikuwa Maisaka, nyumba ya matofali yenye uzio wa minyaa. Tulikuwa na vitu viwili ambavyo mji mzima ulivijua: redio ya upepo ya kuzungumza na makao makuu Arusha, na kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja, na ukimtoa mhandisi Mzungu, ni mimi tu niliyeigusa. Visima vyote vya wilaya vilikuwa mle ndani, kila kimoja na kina chake, pampu yake, kijiji chake. Watu waliiita kompyuta ya Jovita, nami sikuwakataza. Mjane ana vitu vichache vya kuitwa vyake.

Mume wangu Marseli alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mwaka uliotangulia alirudi nyumbani akikohoa, akakonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba, akafa. Hospitali waliandika kifua kikuu. Miaka ile dereva akifa amekonda, watu hawakusubiri hospitali iandike. Waliangalia bango la UKIMWI lililobandikwa ukutani, lile lenye fuvu, kisha wakaangaliana. Mimi nilining'inia kwenye neno la hospitali. Baada ya matanga, mama mkwe wangu, Mama Marseli, alimchukua binti yetu Kandida akakae naye Sigino, "mpaka upate nguvu," na tulikubaliana kwamba Januari, atakapoanza darasa la kwanza, atarudi kwangu Bagara. Nilishanunua sare. Niliitundika kwenye msumari juu ya kitanda, sketi ya bluu na shati jeupe, na nilipoamka asubuhi ndicho kitu cha kwanza nilichokiona.

Mwanzoni mwa Desemba ofisi ilibaki tupu. Dizeli ilikuwa ya mgao, magari yakawekwa juu ya mawe, mhandisi akaenda kwao Ulaya na mkuu wetu, Bwana Konstantini, akaenda likizo Mbulu. Tukabaki mimi na Mzee Melkiadi, aliyekuwa mlinzi, mwasha jenereta na msikiliza redio. Siku moja alirudi kutoka posta na bahasha kubwa yenye stempu za nje, imeandikiwa mradi, haina jina la mtu. Ndani mlikuwa na diski nyeusi ya mraba na karatasi ya herufi ndogo ndogo za Kiingereza ambazo hakuna mwenye akili timamu angezisoma zote.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mzee.

"Si mtu, Mzee. Ni diski. Inaingia kwenye kompyuta."

"Kama santuri?"

"Ndugu yake."

"Basi mweke aimbe."

Nikaiweka. Diski ilisema imetumwa kuelimisha watu juu ya UKIMWI: itakuuliza maswali, ujibu kweli, nayo itakuambia hatari yako wewe ni kiasi gani. Nikamwambia Mzee akaangalie jenereta, ingawa jenereta ilikuwa inanguruma vizuri tu. Nikavuta kiti. Umri. Jinsia. Umeolewa? Mwenzi wako husafiri? Ameugua? Yu hai? Nilijibu yote. Kwa Kiingereza mtu hujibu mambo ambayo kwa lugha yake asingeweza kuyatamka. Mwisho kioo kikafutika, likaja jibu: hatari yako ni kubwa mno, yawezekana umekwisha kuambukizwa.

Nilizima, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua kama mtu aliyesahau alichotoka kufanya.

Siku iliyofuata nilijibu tena. Nilidhani labda nilikosea kitufe. Jibu likawa lile lile. Siku nyingine nilidanganya, nikasema mume wangu ni mwalimu na yuko nyumbani mzima wa afya, ikaniambia nisiwe na wasiwasi. Nikafurahi kidogo, furaha ya kijinga, halafu nikajibu kweli tena. Ikawa ndiyo kazi yangu. Jenereta ilikuwa ikizimika kila mara kwa dizeli chafu, na kila Mzee alipoiamsha nami niliwasha kompyuta upya na kwenda moja kwa moja kwenye maswali. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Ikafika siku kompyuta ikawaka na kugoma. Majina ya visima vyote yalikuwa yametoweka. Kioo kikaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba muda wa kuikodi ile diski umekwisha, niwashe printa. Printa ikatoa karatasi: nitume fedha za kigeni kwenye sanduku la posta la nchi ambayo ilibidi niitafute kwenye ramani. Fedha za kigeni! Miaka hiyo hata benki yenyewe ilikuwa inazitafuta kwa tochi. Nikaita Arusha kwenye redio, nikampata Hatibu, fundi wa kompyuta wa makao makuu, nikamweleza juu ya diski na visima vilivyopotea. Juu ya maswali sikusema neno. Akasema anaulizia kwa wenzake Dar es Salaam, atanijibu kesho asubuhi.

Hiyo kesho asubuhi mimi nilikuwa posta. Haya ya redio niliyapata baadaye, kwa Hatibu mwenyewe na kwa waliokuwepo. Na waliokuwepo walikuwa wengi, maana Bwana Konstantini aliruhusu watu wenye msiba au mgonjwa Arusha watume habari kwa redio yetu, na saa ya redio ilipofika walijaa dirishani. Hatibu alisema, mawimbi yakikoroma: "Hiyo ya Jovita ina virusi. Isiguswe na mtu yeyote mpaka nije. Ova."

Taratibu za redio ni kwamba ujumbe unarudiwa kwa sauti ili aliyeutuma ajue umefika. Mzee Melkiadi akasimama wima, ndivyo alivyozungumza na redio siku zote, akaurudia kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe:

"Nimempata! Jovita ana virusi. Asiguswe na mtu yeyote mpaka uje. Ova!"

"Sawasawa, Mzee," alijibu Hatibu. Arusha walishamzoea. Mzee Melkiadi akisema gari amekufa, hakuna aliyeuliza ameacha watoto wangapi.

Lakini watu wa dirishani hawakuwa Arusha. Na Mzee mwenyewe, kwa kuwa ile "hiyo ya" ilimezwa na mkoromo, na kwa kuwa ina na ana masikioni mwake ni kitu kimoja, aliamini alichokisema.

Niliporudi nilimkuta kwenye benchi, kofia ameiweka magotini.

"Arusha wamesemaje, Mzee?"

Aliichukua kofia, akaivaa. "Amesema kijana Hatibu anakuja. Baada ya sikukuu. Wewe usifanye kazi, mwanangu. Pumzika."

"Hawakusema ni nini?"

"Atakuja mwenyewe, atasema."

Mimi nikadhani tunazungumzia kompyuta. Mchana akaniita tule. Hilo lilinishangaza, maana siku zote alikula nyuma ya banda la jenereta, ugali wa mkewe na maziwa ya mgando, nami nilikula kiporo changu mezani. Siku hiyo alileta bakuli lake, akaliweka kati yetu kwenye benchi, akanawa, akasubiri mimi nimege kwanza. Nikamega. Nilidhani ni upweke wa ofisi tupu umemshika na yeye.

Bagara nilipopanga tulikuwa na ua mmoja na jirani yangu Zena, mke wa muuza duka. Kila Jumamosi Zena alinisuka, mimi nimekaa chini, kichwa magotini pake, yeye akinipa habari za mji mzima bila kupumzika. Jumamosi iliyofuata nilitoka na mkeka na chanuo. Akasema vidole vinamuuma. Nikampa pole. Jioni nikamwona anamsuka jirani wa nyumba ya pili, vidole vinakwenda mbio. Baada ya hapo akanirudishia chujio langu la chai, limechemshwa mpaka mpini wa plastiki umepinda.

Bombani wanawake walinipisha. "Pita, Mama Kandida, teka wewe," na foleni yote inarudi nyuma. Hilo liliniuma kuliko lingine lolote, kwamba walinifukuza kwa heshima. Sokoni muuza nyanya aliniambia niweke hela juu ya gunia. Kanisani, tulipofika kwenye kutakiana amani, wa kushoto alinipungia mkono na wa kulia akakumbuka kufunga kamba za viatu. Nikabaki nimenyoosha mkono mbele yangu, nikaurudisha, nikausugua kwenye kanga kana kwamba ulikuwa na vumbi.

Utauliza kwa nini sikuuliza. Ningeuliza kama nisingejua. Nilidhani kuna mtu aliyekisoma kioo kupitia dirishani, akalitoa lile jibu nje. Nilidhani mji umeijua siri yangu, na kwamba siri yenyewe ni kweli, sasa ningebisha nini? Nikajikunja. Nikaanza kuchemsha vyombo vyangu mwenyewe. Nikawa najisikiliza mwilini, kila kikohozi, kila jasho. Sikulia, nilikuwa na hasira mno, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda: Marseli yuko kaburini, na diski imetoka kwa watu nisiowajua.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, nilitembea mpaka Sigino. Nywele zangu zilikuwa timutimu chini ya kitambaa. Nilibeba pipi na gauni la mtumba, la pinki, lenye mkanda nyuma. Mama mkwe aliniona tangu mbali, akatoka kunipokea, akanipokea pale mwanzo wa shamba, kabla ya uwanja wa nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kumwona Kandida."

"Amelala."

Jua lilikuwa kali na nilikuwa ninamsikia mtoto akiimba nyuma ya nyumba.

"Mama, si namsikia."

Mama Marseli ni mwanamke mgumu. Hakulia hata mbele ya jeneza. Sasa kidevu kilikuwa kinamtetemeka. "Jovita, mimi sikutukani. Mwanangu nimemzika. Huyu niachie. Shule iko hata hapa Sigino."

"Nimeshanunua sare."

"Ilete. Nitaichemsha."

Nikaweka pipi na gauni kwenye nyasi, nikarudi nyuma ili aje avichukue. Nilirudi nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Mpaka leo nikikumbuka vile nilivyorudi nyuma damu inanichemka. Akaviokota kwa ncha za vidole, akasema Mungu akubariki, na nadhani alimaanisha. Kandida alikuwa bado anaimba nilipogeuka. Wimbo wenyewe nilimfundisha mimi, na alikuwa anakosea mahali pale pale alipokuwa anakosea siku zote.

Nyumbani nilitoa sare msumarini, nikaikunja, nikaitia sandukuni. Mwaka uliopita Zena na watoto wake walikula Krismasi kwangu, wakamaliza sufuria nzima. Mwaka huo nilipika wali kidogo, nikaula nikiwa nimesimama, nikafunga mlango kungali jua. Sijawahi kuuona ukuta mtupu kama ule wenye msumari.

Siku za katikati, kabla ya mwaka mpya, nilikwenda ofisini kila siku bila kazi yoyote. Nilikwenda kwa sababu ya bakuli. Siku moja sikuvumilia.

"Mzee, watu wananikimbia."

"Nimewaona."

"Wewe huogopi?"

Akamega tonge, akalichovya. "Nimuogope nani?"

"Huyu mdudu."

"Mimi nimelala zizini na ndama anayehara juu ya shuka wangu. Ndui aliingia kwetu nikiwa kijana, nikamzika ndugu yangu kwa mkono wangu, watu wote amekimbia." Akausukuma upande wa nyama kwangu, maana ilikuwa wiki ya sikukuu na mkewe alitia nyama. "Kula. Ugali anapoa."

Nikala. Katika Babati yote hilo ndilo bakuli pekee lililokuwa na vidole vingine karibu na vyangu, na zipo siku nilizokula polepole makusudi ili lisiishe.

Hatibu alikuja baada ya mwaka mpya, kwa basi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Habari kwamba mtaalamu wa virusi anatoka Arusha zilimtangulia. Alipoingia getini, minyaa yote ilikuwa imeota vichwa vya watu. Zena alikuwepo. Mama Marseli alikuwepo pia, na kikapu kichwani, kama mtu anayepita tu.

"Shikamoo, Mzee. Dada Jovita, habari za siku?" Akanipa mkono. Nikaficha wangu nyuma. Akaufuata huko huko, akaushika, akautikisa, na nje ya minyaa mtu akavuta pumzi kwa sauti. "Haya, mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Ni mimi," nilisema.

"Unaumwa? Pole sana. Mimi naulizia kompyuta. Si nilisema kwenye redio kwamba ina virusi?"

Vichwa vya kwenye minyaa vikatazamana. Hatibu, ambaye alipenda kusikilizwa, alidhani wamekuja kusikia habari za mitambo, akawaeleza wote pale pale. Kuna watu, alisema, wanaandika maagizo ya siri, wanayaficha kwenye diski, wanaituma kwa posta kwa watu wasiowajua. Ukiiingiza inajificha ndani, inahesabu kila unapowasha, na hesabu ikitimia inaficha kazi zako na kudai hela. Inaitwa virusi kwa kuwa mashine huambukizwa.

"Na kompyuta nazo zina UKIMWI?" aliuliza mtu.

"Zina wa kwao," alisema Hatibu, akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akanigeukia. "Kwani ujumbe wangu aliupokea nani?"

Mzee Melkiadi akasimama wima. "Mimi nimempokea. Nikasema vile vile ulivyosema. Ana virusi, asiguswe."

"Ina," alisema Hatibu.

"Ndiyo," alisema Mzee. "Ana."

Nikaelewa. Niliyaelewa yote kwa mpigo, bomba, chujio, kamba za viatu, na hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo nimtajie herufi yake. Na hapo hapo nikaelewa jambo la pili: mzee huyu aliamini nina virusi. Aliniambia nipumzike, akaleta bakuli lake, akalala usingizi wake vizuri, akaleta tena kesho yake. Hatibu alikuwa ameanza kutabasamu, ameshalikamata kosa, anataka kulisema.

"Mawimbi yalikuwa mabaya siku ile," nilimkatiza.

"Sana," alisema Mzee. "Redio alikuwa anakoroma."

Ndani, Hatibu alipokuwa ameinamia kompyuta, nilimuuliza kana kwamba ni jambo la kupitisha muda. "Yale maswali ya diski. Majibu yake ni ya kweli?"

"Yale ni chambo tu, dada." Hakuinua hata kichwa. "Aliyeyatunga alitaka hela. Atajuaje nani anaumwa nini?"

Nilifurahi. Nikajiona mjinga na nikafurahi, kwamba nimehukumiwa na mwizi na nimekuwa nikimpigia magoti kila siku. Halafu furaha ikasimama njiani. Kama diski haikujua, basi hakuna aliyejua. Marseli bado alikufa amekonda.

Hatibu alifanikiwa kuvirudisha visima, karibu vyote, na diski ikachomwa nyuma ya banda la jenereta, watu wakishangilia, kila mmoja sasa akitaka kuigusa kompyuta. Jioni Zena alinijia na chanuo.

"Njoo nikusuke."

"Vidole vimepona?"

Ningeweza kumfungia mlango, na nilitaka. Lakini nywele zangu zilikuwa zinatisha, na nilikuwa nimeyakosa yale magoti. Nikatandika mkeka. Safari hii alinisuka bila habari yoyote ya mji.

Mama Marseli alikuja siku iliyofuata, mchana, si nyumbani bali ofisini. Alisimama getini amemshika Kandida bega, na mkono wa pili ulikuwa na furushi la nguo za mtoto. Kandida alikuwa amevaa gauni la pinki. Nilitembea mpaka katikati ya uwanja, nikasimama.

"Wanasema ni mashine," alisema Mama Marseli.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo wewe huna."

Lilikuwa neno moja tu. Sina. Sare iko sandukuni, mtoto yuko hatua chache, amenikenulia meno na la mbele limeng'oka mimi nisiwepo. Ningelisema, na hakuna mtu angenilaumu. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaosema kwa uhakika wasichokijua.

"Sijui, mama. Mashine ndiyo iliyokuwa navyo. Mimi sijapimwa. Nitakwenda Arusha wanipime damu, na wakiniambia, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kusikia."

Vidole vyake vilikaza kwenye bega la mtoto. Nikajiambia basi, mwanangu nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Chakula anapoa!" aliita Mzee Melkiadi kutoka kwenye benchi. Hakuwa amesikia hata neno. "Mtoto huyo aje anawe!"

Kandida aliteleza kutoka mkononi mwa bibi yake, mtoto mwenye njaa hana adabu. Alinipita akinigusa kwa bega, akanyoosha mikono Mzee akammiminia maji, akachovya tonge. Nami nikaenda nikakaa, kwa kuwa miguu haikuwa na mahali pengine pa kunipeleka. Nikamega. Sikuthubutu kumtazama mtoto. Nilimtazama Mama Marseli, ambaye mkono wake ulikuwa bado uko hewani, pale bega lilipokuwa.

"Mzee," alisema hatimaye. "Wewe umekuwa ukila naye?"

"Nimekula naye."

"Tangu kijana wa Arusha aseme ni mashine?"

"Hapana. Tangu redio alisema ni Jovita."

Mama Marseli aliushusha ule mkono. Kisha akaja, akaliweka furushi miguuni pa Kandida, akaketi mwisho kabisa wa benchi, kanga ameivuta kifuani. Hakula. Lakini aliketi, na Kandida alipomwaga maziwa kwenye gauni alimfuta kwa mkono wake, kisha akaufuta mkono wangu, uliokuwa umemwagikiwa pia, akauacha wake pale juu ya wangu.

Mzee Melkiadi alikuwa anasafisha bakuli kwa tonge la mwisho.

"Na kompyuta," aliniuliza, "amepona?"

"Amepona, baba," nilisema.